Kanga Mbili Zilizolowa: Uchambuzi wa Kisa cha Kigoma

Kanga ni kipimo kibovu cha damu. Upana wake hutofautiana kidogo kutoka kiwanda hadi kiwanda. Ikiwa mpya hukataa maji kwa sababu ya dondo, na ikiwa imefuliwa mara nyingi hunywa kila kinachoigusa. Tena haibagui damu ya mama na maji ya uzazi wala mkojo. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika vijiji vya mkoa wa Kigoma, kipimo hiki kibovu kilifanya kazi ambayo macho ya wakunga waliozalisha kwa miaka mingi, na hata macho ya madaktari katika hospitali kubwa za nchi tajiri, hayajawahi kuifanya kwa uhakika: kumjulisha anayemhudumia mzazi kwamba damu iliyotoka sasa imevuka kiasi na muda wa kungoja umekwisha. Kisa hicho kinastahili kuchambuliwa kwa kirefu, kwa sababu karibu miaka 20 baadaye utafiti mkubwa zaidi, uliofanywa katika hospitali za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, ulirudi kwenye jambo lile lile kwa kutumia plastiki mahali pa pamba.

Tuanze na mahali penyewe. Kigoma ni mwisho wa reli ya kati, kando ya Ziwa Tanganyika, na vijiji vyake vingi wakati ule vilikuwa mbali na hospitali kwa kila maana ya neno mbali: barabara za udongo, mito inayofurika masika, na usafiri unaotegemea kama kuna gari lililopita siku hiyo. Hospitali ya mkoa, Maweni, ilikuwa tayari na historia yake katika suala la vifo vya wazazi. Daktari Godfrey Mbaruku alifanya kazi pale miaka ya 1980, na pamoja na wenzake alionyesha kwamba kati ya 1984 na 1991 vifo vya akina mama hospitalini hapo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000, kwa hatua ambazo nyingi zilitumia rasilimali zilizokuwapo palepale. Kazi ile, kwa asili yake, iliwahusu walioweza kufika Maweni. Lakini kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2004-05, zaidi ya nusu ya wazazi wa Tanzania walikuwa bado wanajifungulia nyumbani, na mzazi wa kijijini aliyeanza kumwaga damu saa nane za usiku alikuwa na mkunga wa jadi, jirani mmoja au wawili, taa ya koroboi, na vitambaa alivyokuwa navyo.

Utafiti ninaouzungumzia uliongozwa na Ndola Prata wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na Mbaruku na wenzao, na matokeo yake yalichapishwa 2005. Ulikuwa na sehemu mbili zilizoshikana. Ya kwanza ilikuwa swali la kipimo: je, mkunga wa jadi, ambaye huenda hajui kusoma mizani wala chupa yenye alama, anaweza kujua kwamba mzazi amepoteza mililita 500, yaani nusu lita, kiasi ambacho kwa muda mrefu ndicho kimekuwa kikitumika kama mpaka wa damu nyingi baada ya kujifungua? Ya pili ilikuwa swali la tiba: akishajua, je, anaweza kumpa dawa palepale nyumbani bila kumdhuru?

Ili kuelewa kwa nini swali la kwanza lilikuwa gumu, inabidi kuuangalia uzazi wenyewe kwa karibu. Mama amelala kwenye mkeka au mpira. Maji ya uzazi yameshamwagika, mengine yamekauka na mengine yangali majimaji. Mtoto ametoka, analia, na macho yote yako kwake. Kisha linatoka kondo la nyuma, na damu inayoandamana nalo ni ya kawaida. Hakuna uzazi usio na damu, na ndiyo maana damu peke yake haimshtui mtu aliyezoea kuiona. Inayofuata baada ya hapo ndiyo yenye hatari. Mfuko wa uzazi ukikaza, mishipa iliyokuwa ikililisha kondo hubanwa na kufungwa. Ukilegea, mishipa hiyo hubaki wazi, na mwishoni mwa ujauzito damu inayopita katika mfuko huo hufikia mililita 500 au zaidi kwa dakika. Wakati mwingine damu hutoka kwa kishindo na kila mtu huiona. Mara nyingi zaidi hutiririka polepole, kitambaa kinalowa, kinaondolewa na kutupwa pembeni, kinawekwa kingine, nacho kinalowa, na kwa kuwa hakuna dakika hata moja ambayo damu iliyotoka ilionekana kuwa nyingi, hakuna dakika ambayo mtu alisema sasa basi.

Udhaifu huu si wa wakunga wa jadi peke yao. Macho ya binadamu hukadiria vizuri kiasi kidogo cha damu na hukosea kiasi kikubwa, na kosa huenda upande ule ule wa hatari, yaani kuona kidogo kuliko kilichopo. Katika utafiti uliofanywa Belgaum, jimbo la Karnataka nchini India, na kuchapishwa 2006, makadirio ya macho yalikuwa pungufu kwa asilimia 33 yakilinganishwa na damu iliyokusanywa katika shuka la plastiki lenye mfuko uliotiwa alama za vipimo. Waliokuwa wakikadiria pale walikuwa wahudumu waliosomea kazi hiyo. Yaani mzazi aliyepoteza mililita 750 angeandikwa kuwa amepoteza 500, na aliyepoteza 600 angeandikwa 400 na kupelekwa wodini kupumzika.

Mwili wa mzazi nao husaidia kuficha. Wakati wa ujauzito kiasi cha damu mwilini huongezeka kwa takriban asilimia 40 hadi 50, kwa hiyo mwanamke kijana mwenye afya anaweza kupoteza lita nzima akiwa bado anazungumza na kuuliza mtoto ana uzito gani, na presha yake ikiwa bado katika kiwango ambacho hakimshtui mtu. Inapoanza kushuka, akiba imeshakwisha. Nitalirudia jambo hili mbele, kwa sababu linahusu kipimo kingine cha bei nafuu ambacho watu hukitegemea kuliko kinavyostahili.

Sasa kanga. Sababu ya kuichagua inaeleweka kwa yeyote aliyekulia katika nyumba za Afrika Mashariki: ipo. Hainunuliwi kwa ajili ya uzazi, haiagizwi kutoka bohari, haiishiwi, na mzazi wa Kigoma alikuwa anaitumia katika kujifungua kabla mtafiti yeyote hajafika. Zaidi ya hapo, ingawa nimeiita kipimo kibovu, vipimo vyake havitofautiani sana. Ni takriban mita moja kwa mita moja na nusu, kitambaa cha pamba cha uzito unaokaribiana. Watafiti waligundua kwamba kanga mbili zikilowa damu, mzazi amekwisha kupoteza zaidi ya mililita 500. Hiyo ndiyo kanuni yote. Hakuna mizani, hakuna hesabu ya kutoa wala kugawanya, hakuna haja ya kujua herufi. Na kwa bahati njema, kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili pamoja, hivyo kanuni yenyewe inaweza kutamkwa kwa kipimo ambacho kila mwanamke wa pwani na bara anakijua tangu utotoni: doti nzima imelowa.

Tofauti kati ya kanuni hii na makadirio ya macho ni kubwa kuliko inavyoonekana. Anayekadiria kwa macho huulizwa swali la kiasi: ni damu ngapi? Jibu lake linaweza kuwa lolote, na kila jibu linaweza kubishaniwa na mwenzake, mkubwa wake, au hofu yake mwenyewe ya kuonekana amepaniki bure. Anayehesabu kanga huulizwa swali la ndiyo au hapana, na jibu liko sakafuni, linaonekana na mama mkwe, jirani na mkunga kwa pamoja. Huwezi kubishana na kanga ya pili. Kwa maoni yangu, huu ndio ugunduzi wa Kigoma, na ni wa thamani kuliko usahihi wa mililita zenyewe: kipimo cha bei nafuu hakihitaji kueleza damu ni kiasi gani mradi kinaweza kuwaonyesha wote waliopo mpaka mmoja, na mpaka huo uwe umekubaliwa kabla uchungu haujaanza.

Sehemu ya pili ya utafiti iliweka kitendo upande wa pili wa mpaka huo. Katika eneo moja, mkunga wa jadi alifundishwa kwamba kanga mbili zikilowa ampe mzazi misoprostoli mikrogramu 1000 kwa njia ya haja kubwa, yaani vidonge 5 vya mikrogramu 200, dawa inayofanya mfuko wa uzazi ukaze na isiyohitaji jokofu wala sindano. Katika eneo la kulinganisha, mkunga alifundishwa kuutambua mpaka ule ule, lakini kitendo chake kilikuwa kumpeleka mzazi kwenye kituo cha karibu.

Wanawake 454 waliingia katika hesabu upande wa dawa, na 395 upande wa rufaa. Upande wa kwanza 111 walivuka mpaka wa damu nyingi, upande wa pili 73. Miongoni mwa waliovuka, waliolazimika kupelekwa kituoni upande wa dawa walikuwa chini ya asilimia 2. Upande wa rufaa walikuwa asilimia 19, na karibu wote waliopelekwa walihitaji matibabu zaidi, ikiwa ni pamoja na dripu. Matokeo haya yalitumika, kwa haki, kama ushahidi kwamba misoprostoli inaweza kutolewa kijijini.

Lakini msomaji anayezitazama namba hizo kwa jicho la kipimo ataona mambo mengine mawili ambayo kwa kawaida hupitwa haraka. La kwanza ni ile asilimia 19 yenyewe. Wazazi 73 walivuka mpaka, na mkunga aliuona mpaka. Hata hivyo, ni kama 14 tu waliopelekwa. Sisemi kwamba wote waliobaki walitelekezwa, kwa sababu damu nyingine hukata yenyewe na mkunga anaweza kuona hivyo. Ninachosema ni kwamba kipimo kilisema ndiyo, na kitendo kilichofungamanishwa nacho kilikuwa usiku, umbali, gharama ya usafiri na idhini ya wazee wa nyumba. Mpaka ambao kitendo chake kiko kilomita nyingi kutoka hapo hugeuka kuwa taarifa tu. Kidonge kilikuwa katika mkono ule ule uliohesabu kanga, na ndiyo maana kule hesabu ilizaa kitendo.

La pili ni tofauti ya 111 kati ya 454, yaani takriban asilimia 24, na 73 kati ya 395, yaani kama asilimia 18. Maelezo ya haraka ni kwamba maeneo mawili hayafanani kamwe, na maelezo hayo yanaweza kuwa ya kweli kabisa. Lakini yeyote aliyefanya kazi katika chumba cha kujifungulia analijua jambo jingine pia: mtu mwenye dawa mfukoni huuona ugonjwa mapema kuliko mtu ambaye kuuona kutamletea safari. Namba hizi haziwezi kuthibitisha hilo, na sitaki zibebe mzigo usio wao. Nalitaja kwa sababu linaendana na kilichoonekana baadaye mahali pengine, kwa ushahidi mzito zaidi.

Kabla ya kwenda huko, ni haki kuyataja mapungufu ya kanga bila kuyapamba. Kanga iliyotandikwa kabla ya mtoto kutoka itanyonya maji ya uzazi na kumfanya mkunga ahesabu kisichokuwa damu. Kwa hiyo hesabu ina maana ikiwa kitambaa kikavu kimewekwa baada ya mtoto kuzaliwa. Neno kulowa nalo lina utata, kwa kuwa kanga yenye doa kubwa katikati haijalowa, na kanga nyekundu au nyeusi, kwa rangi zake, huficha mengi. Kuna pia damu isiyotoka kabisa: mabonge yanaweza kuziba njia na damu ikajaa ndani ya mfuko uliolegea huku kanga ikiwa kavu, jambo linalogunduliwa kwa mkono tu, kwa kupapasa tumbo chini ya kitovu na kuhisi kama pale pamekuwa pagumu kama mpira au pamelegea na kupanda. Na mwisho, mpaka wa nusu lita ni mmoja kwa wote, wakati wanawake hawako sawa. Mwenye upungufu mkubwa wa damu tangu ujauzito anaweza kuwa hatarini kabla kanga ya pili haijatandikwa. Nchini Bangladesh nako kulibuniwa mkeka wa kunyonya damu uliotengenezwa ulowe wote kwa takriban nusu lita, ambao uliondoa utata wa kitambaa lakini ukabaki na mpaka ule ule mmoja.

Utafiti uliolipeleka swali hili mbele ulichapishwa Mei 2023. Uliongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham cha Uingereza kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, ulihusu zaidi ya wanawake 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida, na hospitali 80 ziligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa shuka la plastiki lenye mfuko wa umbo la mrija wa kumiminia (faneli) unaoning'inia chini ya makalio ya mama, na kwenye mfuko huo pamechorwa mistari ya tahadhari, mmoja ukiwa mililita 300 na mwingine 500. Mkunga aliusoma mfuko kila baada ya dakika 15 katika saa ya kwanza, akapima mapigo na presha, akapapasa tumbo. Mpaka ukivukwa, hakutakiwa kujaribu dawa moja, asubiri, kisha ajaribu nyingine kama ilivyozoeleka. Alitakiwa kufanya yote kwa mkupuo: kusugua mfuko wa uzazi ukaze, oksitosini (dawa inayoukaza), asidi ya traneksamiki (dawa inayozuia bonge la damu lisiyeyuke) gramu 1 kwenye mshipa, dripu, kisha kuchunguza kama kuna mchaniko au kipande cha kondo kilichobaki, na kumwita aliye juu yake kama damu haijakata.

Matokeo makuu yanajulikana: wanawake waliofikia damu ya lita moja au zaidi, au waliohitaji kufunguliwa tumbo kwa sababu ya damu, au waliokufa kwa damu, walikuwa asilimia 1.6 katika kundi hili na asilimia 4.3 katika kundi la huduma ya kawaida. Kwa msomaji wa kisa cha Kigoma, hata hivyo, habari kubwa iko katika namba nyingine. Katika hospitali za huduma ya kawaida, damu nayo ilikusanywa kwa shuka la plastiki, kwa kuwa watafiti walihitaji kuipima ili kulinganisha. Tofauti ni kwamba shuka lao halikuwa na mistari. Damu ilikuwa imo mfukoni, mbele ya macho, na baadaye mizani ilionyesha kiasi chake. Mkunga alizitambua asilimia 51 tu za kesi zilizovuka mpaka. Penye mistari, pamoja na mafunzo na utaratibu wa kuisoma, zilitambuliwa asilimia 93. Na waliopewa matibabu yote kwa pamoja walikuwa asilimia 91 upande wa mistari, na 19 upande mwingine.

Kwa hiyo plastiki haikuwa dawa. Kukusanya damu mahali pamoja kulisaidia nusu tu ya njia. Kilichobadilisha mkono wa mkunga ni mstari, na nyuma ya mstari, orodha fupi ya vitendo ambavyo tayari ana ruhusa navyo na vifaa vyake viko kwenye sinia. Ni kanga ya pili na vidonge vitano vilevile, katika mavazi ya hospitali. Nadhani pia ndiyo sababu kanga haikuenda mbali kama ilivyostahili: ina maneno yaliyoandikwa upande mmoja, mafumbo na mipasho ya kila namna, lakini mstari wake ulikuwa kichwani mwa mkunga aliyefundishwa, na akiondoka au akistaafu, uliondoka naye.

Nilisema nitarudi kwenye presha. Mashine ya kupimia presha ipo karibu kila zahanati, na kwa hiyo inaonekana kama kipimo cha bei nafuu kuliko vyote. Tatizo ni kuisoma peke yake. Tuchukue mfano wa kubuni: mzazi aliyepimwa baada ya kujifungua akawa na mapigo 88 kwa dakika na presha ya juu, yaani ile namba ya kwanza ya kipimo cha presha, 118, nusu saa baadaye mapigo ni 112 na presha ya juu ni 104. Anayeitazama 104 peke yake ataandika kuwa ni kawaida. Ukigawanya mapigo kwa presha ya juu, namba ya kwanza ni 0.75 na ya pili ni 1.08, na kiwango kinachotakiwa kuleta wasiwasi huanzia 0.9. Njia rahisi ya kulikumbuka hili bila kikokotoo ni kwamba namba ya mapigo haitakiwi kuipita namba ya presha ya juu. Ikishaipita, kuna jambo. Kifaa kilichobuniwa na watafiti wa King's College London hufanya hesabu hiyo chenyewe na kuwasha taa ya kijani, njano au nyekundu. Kilijaribiwa katika nchi kadhaa, Uganda, Malawi na Zambia zikiwemo, na matokeo yaliyochapishwa 2019 hayakuweza kuthibitisha kwamba kilipunguza vifo na madhara makubwa kwa kiwango kisichoweza kuwa cha bahati tu. Wengi walishangaa. Aliyeisoma ile asilimia 19 ya rufaa za Kigoma hakuwa na sababu kubwa ya kushangaa, kwani taa nyekundu nayo inahitaji kuwa na kitu mkononi mwa anayeiona.

Mapigo na presha vina nafasi yao, lakini nafasi hiyo ni kando ya damu iliyopimwa. Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya madaktari wa uzazi na ya wakunga, yalitoa mwongozo unaoviunganisha: matibabu yaanze damu ikifika mililita 500, au ikifika 300 tu endapo mapigo au presha haviko sawa. Hapa ndipo pengo kubwa la kanuni ya kanga linapozibwa, kwa sababu mama mwenye upungufu wa damu, ambaye nusu lita kwake ni nyingi mno, sasa ana mpaka wake. Na kuna sababu ya kuharakisha inayopimika kwa dakika. Utafiti wa 2017 uliohusu wanawake 20,000 hivi ulionyesha kwamba asidi ya traneksamiki ikitolewa ndani ya saa 3 hupunguza vifo vya damu kwa takriban theluthi moja, na uchambuzi uliofuata ulikadiria kuwa kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida hiyo kwa karibu asilimia 10. Kanga inayotupwa pembeni bila kuhesabiwa hugharimu dakika hizo.

Tanzania ya leo siyo ile ya utafiti wa Kigoma. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2022, asilimia 81 ya wazazi hujifungulia katika vituo vya kutolea huduma. Swali la mkunga wa jadi na kidonge kijijini limepungua uzito, na dozi ya mikrogramu 1000 kwa njia ya haja kubwa haipendekezwi tena. Pasipo na oksitosini, sasa hutumika mikrogramu 800 chini ya ulimi. Shuka lenye mistari linagharimu kama dola moja au mbili za Marekani, bei ndogo kwa kulinganisha na chupa moja ya damu, lakini hutumika mara moja na kutupwa, na kituo chenye wazazi 200 kwa mwezi kinahitaji 200 kwa mwezi, mwezi baada ya mwezi, kwa bajeti ile ile inayonunua glavu.

Na kanga bado ipo. Mama anayekwenda kujifungua huelekezwa kliniki abebe pamba, mpira, beseni na kanga, na kanga hizo hutandikwa chini yake leba kama zilivyotandikwa Kigoma, kisha hufungwa kwenye mfuko wa plastiki na kupewa ndugu akazifue, bila mtu yeyote kuzihesabu. Kituo ambacho mashuka ya mistari yamekwisha hakijakosa kipimo. Mama akipokelewa, kanga mbili kavu zinaweza kuwekwa kwenye mizani ya jikoni na uzito wa kila moja kuandikwa kwenye kadi yake. Tuseme gramu 200. Mtoto akishatoka, kile kilicholowa maji kinaondolewa na kanga iliyopimwa inatandikwa. Kila dakika 15 inapimwa tena. Ikisoma gramu 500, damu ni takriban mililita 300, kwa kuwa gramu moja ya damu ni karibu sawa na mililita moja, na ile tofauti ndogo iliyopo humfanya mkunga awahi badala ya kuchelewa. Namba hiyo inaandikwa kando ya mapigo na presha. Jumla ya kilichoongezeka ikifika gramu 500, hakuna anayeulizwa anaonaje. Sinia lenye oksitosini, asidi ya traneksamiki na dripu linavutwa karibu, na mkono wa kwanza uko tayari juu ya tumbo.